Kuzima huduma za ndani za Windows 7: zipi zizimwe, zipi ziachwe, na kwa nini

Microsoft iliacha kuihudumia Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, lakini mfumo huo bado unafanya kazi kila siku jijini Nairobi. Uko kwenye kompyuta za mezani zilizotumika Uingereza kisha zikauzwa tena katika maduka ya Luthuli Avenue na Moi Avenue, kwenye saiba (maduka ya huduma za kompyuta na intaneti) zinazojaza fomu za KRA, mamlaka ya kodi, na za eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, na kwenye ofisi ndogo zenye programu ya uhasibu isiyokubali mfumo mpya. Nyingi ya mashine hizo zina RAM ya gigabaiti 2 na diski ya kuzunguka, na wenyewe wanataka zipungue uzito. Ushauri wanaokutana nao mtandaoni huwa ni uleule: fungua orodha ya huduma, zima hizi arobaini, washa upya.

Orodha za namna hiyo zimeharibu kompyuta nyingi. Ziliandikwa kwa ajili ya mtu anayecheza gemu nyumbani, asiye na printa, skana wala modemu. Ukizinakili kwenye saiba, modemu inakataa kuunganisha, skana inatoweka, na tarehe 30 Juni, siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani za kodi, foleni iko mlangoni na printa haitoi karatasi. Kuzima huduma kuna faida mbili za kweli: kuziba njia ambazo mashine nyingine mtandaoni zinaweza kuingilia, na kuipunguzia diski kazi katika dakika za kwanza baada ya kuwasha. Faida inayotangazwa zaidi, ya kuokoa RAM, ni ndogo sana kuliko watu wanavyodhani, na inafaa kuanza na sababu yake.

Huduma inavyofanya kazi

Huduma ni programu isiyo na dirisha, na inaweza kuanza kabla hujaingiza nenosiri. Msimamizi wa zote ni services.exe. Kila huduma ina ufunguo wake katika rejista (registry), hifadhi ya mipangilio ya Windows, chini ya HKLM\SYSTEM\CurrentControlSet\Services, na ndani ya ufunguo huo kuna thamani iitwayo Start. Ikiwa 2, huduma hujiwasha yenyewe. Ikiwa 3, huanza inapoitwa. Ikiwa 4, imezimwa. Thamani 0 na 1 ni za viendeshi vinavyohitajika mfumo unapowaka, kama kile cha diski. Ukiziona, usiziguse.

Huduma nyingi za Microsoft hazina programu yao wenyewe. Ni faili za DLL, yaani vipande vya programu visivyojiendesha vyenyewe, zinazopakiwa ndani ya svchost.exe, na ndiyo maana Task Manager huonyesha svchost kumi au zaidi kwa wakati mmoja. Kujua ni huduma gani zimo ndani ya kila moja, fungua dirisha la amri na uandike:

tasklist /svc

Utaona kwamba kundi moja, netsvcs, hubeba kwa pamoja BITS, Schedule, Winmgmt, ProfSvc, Themes, ShellHWDetection, LanmanServer na wuauserv. Ukizima Themes, svchost ile haiondoki, kwa sababu wenzake bado wamo. Unachookoa ni kumbukumbu ya DLL moja tu, na huduma iliyotulia kwa muda mrefu kurasa zake huwa zimeshapelekwa kwenye faili ya kubadilishana iliyo diskini. Hapo ndipo hesabu ya kuokoa RAM inapovunjika. Kivinjari chenye kurasa tatu zilizofunguliwa hula kumbukumbu kuliko huduma zote utakazozima kwa usalama.

Hali za kuanza ni nne. Automatic huanza pamoja na mfumo. Automatic yenye nyongeza ya Delayed Start husubiri kama dakika mbili hadi zile za kwanza zimalize. Manual haimsubiri binadamu: programu yoyote, huduma nyingine au tukio kama kuchomekwa kwa kifaa linaweza kuiamsha. Windows 7 ndiyo iliyoanza kutumia vichocheo hivyo vya matukio, nawe unaweza kuvisoma kwa amri sc qtriggerinfo ikifuatwa na jina la huduma. Disabled humzuia kila mtu, Windows yenyewe ikiwemo.

Kwa hiyo huduma iliyo Manual na ambayo haijaanza haitumii RAM wala prosesa. Fax na Smart Card ziko hivyo tangu siku mfumo unawekwa. Kuzipeleka Disabled hakukupi chochote, ila kunaacha mtego utakaomnasa mtu miezi sita baadaye akichomeka kifaa kipya. Kanuni tunayoifuata ni hii: Manual kwanza, na Disabled kwa zile tu ambazo hutaki ziamshwe na mtu yeyote.

Makosa mawili yatakujia mara kwa mara, na ni vyema uyakariri. Kosa 1058 lina maana kwamba huduma imezimwa. Kosa 1068 lina maana kwamba huduma nyingine inayotegemewa haikuanza. Windows Update na ukutamoto (firewall) huyaandika makosa hayohayo kwa hesabu ya msingi wa 16: 0x80070422 ndiyo 1058, na 0x8007042C ndiyo 1068. Fundi akiona tarakimu za mwisho ni 422 au 42C, asianze kutafuta virusi wala kufuta mfumo. Aende moja kwa moja kwenye orodha ya huduma.

Kabla ya kugusa

Tengeneza alama ya kurudi (restore point): fungua Control Panel, kisha System, kisha System protection, ubofye Create. Kisha hifadhi hali ya sasa ya huduma zote. Bofya Start, andika cmd, ubonyeze Ctrl+Shift+Enter ili dirisha lifunguke likiwa na haki za msimamizi, uandike:

reg export HKLM\SYSTEM\CurrentControlSet\Services C:\huduma-kabla.reg

Nakili faili hiyo kwenye flashi pia. Kazi hii ni ya dakika moja na imeokoa mashine nyingi kuliko programu yoyote ya kutengeneza kompyuta.

Jambo la pili ni kupima, kwa sababu jicho hudanganya. Windows 7 huandika yenyewe muda iliochukua kuwaka. Fungua Event Viewer, ingia Applications and Services Logs, Microsoft, Windows, Diagnostics-Performance, Operational, utafute tukio namba 100. Muda umeandikwa kwa milisekunde: 95000 ni sekunde 95. Andika namba za mara tatu za mwisho, ufanye mabadiliko, kisha ulinganishe. Rekodi hizo zinategemea huduma ya DPS (Diagnostic Policy Service), kwa hiyo hata kama orodha uliyoipata inakuambia uzime DPS, iache mpaka umalize kupima.

Kubadilisha kwenyewe kunaweza kufanyika kwa services.msc, yaani dirisha la orodha ya huduma, au kwa amri. Dirisha la services.msc lina kurasa ya Dependencies ambayo watu huipita bila kuisoma. Sehemu ya juu inaonyesha huduma hii inamtegemea nani. Ya chini inaonyesha nani anaitegemea. Hiyo ya chini ndiyo muhimu, maana ndiyo orodha ya vitu vitakavyokufa pamoja nayo. Kwa amri ni hivi; mbili za kwanza zinaonyesha mipangilio ya huduma na nani anaitegemea, ya tatu inaizima isianze tena, na ya nne inaisimamisha papo hapo:

sc qc Spooler
sc enumdepend Spooler
sc config WSearch start= disabled
sc stop WSearch

Baada ya alama ya sawasawa lazima kuwe na nafasi. Ukiandika start=disabled bila nafasi, amri inakataa na kukumwagia maelezo ya matumizi. Ili kupeleka huduma kwenye Manual, neno ni demand. Tena, usifanye kazi hii ndani ya PowerShell, dirisha jingine la amri la Windows: humo, sc ni jina fupi la amri nyingine inayoandika faili, na badala ya huduma kubadilika utapata faili lisilotakikana kwenye folda. Ukilazimika kutumia PowerShell, andika sc.exe.

Badilisha huduma mbili au tatu, washa upya, kisha uitumie mashine siku nzima kwa kazi zake zote: chapa, skani, sikiliza sauti, unganisha modemu, chomeka flashi. Ukibadilisha ishirini kwa mkupuo mmoja hutajua ni ipi iliyoleta tatizo.

Kuziba njia za kuingilia

Hapa ndipo penye faida kubwa, na ndipo tungemtaka kila mwenye saiba aanzie. Kwanza tazama ni nini kinachosikiliza mtandaoni:

netstat -ano | findstr LISTENING

Safu ya mwisho ni namba ya mchakato. Ilinganishe na ile ya tasklist /svc nawe utajua kila mlango (port) ni wa nani. Mlango 445 na 139 ni wa kushirikisha faili, yaani LanmanServer na viendeshi vyake. Mlango 3389 ni wa TermService, wa kuidhibiti kompyuta ukiwa mbali. SSDPSRV haionekani kwenye orodha hiyo kwa kuwa hutumia UDP 1900; huitafuta kwa netstat -ano | findstr 1900.

Kirusi cha WannaCry kilichoenea duniani tarehe 12 Mei 2017 kilipita mlango 445, kupitia kasoro ya SMB toleo la 1, itifaki kongwe ya kushirikisha faili. Kiraka chake (patch), MS17-010, kilikuwa kimetolewa tarehe 14 Machi mwaka huohuo. Kwa Windows 7 namba yake ni KB4012212 au ile ya jumla, KB4012215. Kompyuta nyingi zilizoshambuliwa zilikuwa za Windows 7. Kirusi cha aina hiyo hakihitaji mtu abofye kitu. Kikiingia kwenye mashine moja ya saiba, kinaziona zile kumi zilizobaki kwenye swichi ileile.

Kompyuta isiyoshirikisha folda wala printa haihitaji LanmanServer. Ihitajiyo ni ile moja yenye printa. Nyingine zinazotuma kazi kwake zinahitaji LanmanWorkstation, ambayo ni ya upande wa mteja. Kwa hiyo kwenye saiba ya kompyuta kumi, tisa zinaweza kuwa na LanmanServer iliyozimwa na uchapishaji ukaendelea kama kawaida. Kabla ya kuzima, hakikisha programu ya kuhesabu muda wa wateja haisomi folda ya pamoja. Baadhi hufanya hivyo.

Kama huwezi kuizima LanmanServer, zima angalau toleo la 1. Upande wa seva:

reg add HKLM\SYSTEM\CurrentControlSet\Services\LanmanServer\Parameters /v SMB1 /t REG_DWORD /d 0 /f

Upande wa mteja, kwa mpangilio huu:

sc config lanmanworkstation depend= bowser/mrxsmb20/nsi
sc config mrxsmb10 start= disabled

Kisha washa upya. Usiruke mstari wa kwanza. LanmanWorkstation imeandikiwa kwamba inaitegemea mrxsmb10. Ukizima mrxsmb10 bila kuiondoa kwenye utegemezi huo, utapata kosa 1068 na mashine haitafikia folda yoyote ya mtandao. Kitakachoacha kufanya kazi baada ya hapo ni vifaa visivyojua toleo jingine: kompyuta za Windows XP, na mashine kubwa za zamani za kunakili zinazotuma skani kwenye folda. Ukiwa na mashine hiyo, ipe kompyuta moja tu ya kupokea skani, uzifunge nyingine zote.

TermService ina historia yake. Kasoro iitwayo BlueKeep, CVE-2019-0708, iliruhusu kuingilia Windows 7 kupitia mlango 3389 bila nenosiri, na kiraka kilitoka tarehe 14 Mei 2019. Kama hakuna anayeidhibiti mashine akiwa mbali, ingia System, Remote settings, uchague kutoruhusu miunganisho, kisha uizime huduma. RemoteRegistry huruhusu mtu wa mashine nyingine kubadilisha rejista yako, na saiba haina kazi nayo: Disabled. SSDPSRV na upnphost hutafuta vifaa vya nyumbani kama runinga, zima. Pamoja nazo zima HomeGroupListener, HomeGroupProvider na WMPNetworkSvc.

Spooler, inayopanga kazi za printa, inataka busara. Kasoro ya PrintNightmare ya 2021, CVE-2021-34527, ilikuwa ndani yake, na Microsoft ilitoa kiraka hata kwa Windows 7 iliyokuwa imeshaachwa. Kompyuta isiyochapisha kamwe, hata kwa kutengeneza PDF kupitia printa ya programu, inaweza kuishi bila Spooler. Ukiizima, orodha ya printa inakuwa tupu na programu nyingine hukwama zikifungua ukurasa wa kuchapisha.

Kuna hatua nyepesi kuliko zote hizi ambayo watu huisahau. Mara ya kwanza unapounganisha mtandao, Windows 7 huuliza ni wa nyumbani, kazini au wa umma. Ukichagua wa umma, ukutamoto hufunga ushirikishaji wa faili na ugunduzi wa vifaa hata kama huduma zenyewe zinaendelea. Kwa laptopu inayotumia Wi-Fi ya mkahawa au ya matatu, chaguo hilo peke yake ni kinga kubwa. Na kwa saiba, ambako nakala za vitambulisho vya wateja hubaki kwenye folda ya Downloads, jambo hili linagusa pia Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019: folda iliyoachwa wazi kwa kila mtu kwenye mtandao ni data ya watu iliyoachwa wazi.

Diski na bando

Diski ya mizunguko 5400 kwa dakika husubiri kwa wastani milisekunde 5.6 ili sehemu inayotakikana ifike chini ya kichwa, mbali na muda wa kichwa kusogea. Kwa jumla haiwezi kusoma sehemu zilizotawanyika zaidi ya takriban mara 60 kwa sekunde. Huduma tatu zikisoma faili ndogo kwa wakati mmoja na kivinjari, kompyuta inaonekana imeganda ilhali prosesa iko asilimia 5.

WSearch hujenga fahirisi ya faili zako ndani ya C:\ProgramData\Microsoft\Search, katika faili iitwayo Windows.edb, ambayo kwenye mashine yenye nyaraka nyingi hufika gigabaiti kadhaa. Kwenye kompyuta ya saiba, izime bila kusita. Kutafuta kupitia menyu ya Start kutaendelea, polepole kidogo. Kwenye ofisi ya wakili yenye maelfu ya barua na Outlook, iache, ila ufungue Indexing Options na kuondoa folda zisizotafutwa kamwe.

SysMain, ambayo kwenye orodha huitwa Superfetch, ndiyo inayolaumiwa zaidi bila haki. Hujifunza programu unazozitumia na kuzipakia mapema kwenye RAM iliyo tupu. Programu nyingine ikiitaka RAM hiyo, inaachiwa. Kwenye mashine inayofungua kivinjari kilekile na Word ileile kila asubuhi, kuizima huifanya Word ichelewe kufunguka. Fungua Resource Monitor, ukurasa wa Disk, dakika tano baada ya kuwasha. Ukiona svchost yenye SysMain bado inasoma mfululizo na kazi yako imekwama, izime kwa wiki moja na ulinganishe. Vinginevyo iache. Folda ya C:\Windows\Prefetch nayo isifutwe. Hakuna kasi inayotokana na kuifuta.

Wuauserv, yaani Windows Update, na BITS, inayopakua faili chinichini, ni suala la bando. Mtu anayeunganisha laptopu kwa simu anaweza kuona data ikiisha bila kufungua chochote. Kwa kuwa Windows 7 haipati tena viraka vya kawaida, kishawishi cha kuizima wuauserv moja kwa moja ni kikubwa. Usifanye hivyo, iweke Manual, na katika mipangilio ya Windows Update uchague isitafute chochote yenyewe. Sababu ni kwamba faili za viraka za msu unazopakua kwa mkono kutoka Microsoft Update Catalog huwekwa kupitia huduma hiyohiyo, na ikiwa Disabled utapata 0x80070422.

Mashine iliyowekwa upya kutoka diski ya SP1 inahitaji kwanza KB4490628, kisha KB4474419, ambazo huifundisha kutambua saini za SHA-2; bila hizo viraka vya kuanzia Agosti 2019 vinakataliwa. Na ile svchost inayokaa kwa saa nyingi ikila prosesa huku ikitafuta viraka hutulizwa na KB3172605, inayotanguliwa na KB3020369. Kiraka cha msu kikiganda kwenye maneno ya kutafuta masasisho, chomoa intaneti, andika net stop wuauserv, kisha ufungue faili hiyo papo hapo. Huduma itaamka yenyewe kwa kazi hiyo tu, na hiyo ndiyo faida ya Manual.

Zile zinazozimwa kimakosa

MMCSS, inayozipa sauti na video kipaumbele cha prosesa, ndiyo ya kwanza. Orodha za wacheza gemu hupenda kuizima. Katika Windows 7, AudioSrv, huduma ya sauti, inaitegemea, kwa hiyo sauti inakufa, alama nyekundu inatokea kwenye spika, na fundi asiyejua anaanza kutafuta kiendeshi cha sauti.

TapiSrv, ambayo kwenye orodha huitwa Telephony, inaonekana kama masalio ya enzi za simu za waya. Lakini RasMan inaitegemea, na RasMan ndiyo inayopiga modemu nyingi za USB za zamani zinazouzwa na kampuni za simu. Ukiizima, modemu inatambuliwa, mnara unaonekana, ila kuunganisha kunagoma, mara nyingi kwa kosa 711. VPN nayo inaanguka.

ShellHWDetection huzimwa kwa nia njema, ili flashi yenye kirusi isijifungue. Tatizo ni kwamba stisvc, inayoendesha skana, inaitegemea. Saiba inayoskani vitambulisho haiwezi kuikosa. Njia bora ya kuzuia flashi kujifungua ni hii:

reg add HKLM\SOFTWARE\Microsoft\Windows\CurrentVersion\Policies\Explorer /v NoDriveTypeAutoRun /t REG_DWORD /d 255 /f

NlaSvc na netprofm, zinazotambua hali ya mtandao, zikizimwa, intaneti inaendelea kufanya kazi lakini alama ya mtandao inakuwa na msalaba mwekundu, na programu zinazouliza kama kuna mtandao zinakataa kuanza. Wlansvc ndiyo Wi-Fi yenyewe. Dhcp ndiyo inayoomba anwani kutoka kwa ruta. VSS ikizimwa, alama za kurudi hazitengenezwi, yaani umejiondolea njia ya kurejea kabla hujaanza safari. BFE na MpsSvc ndizo ukutamoto. Kama programu fulani inazuiwa, ifungulie njia kwenye mipangilio ya ukutamoto, usiue huduma. RpcSs, DcomLaunch, PlugPlay, EventLog, Winmgmt, CryptSvc, Schedule na ProfSvc usiziguse kabisa.

Kuhusu Aero, ule mwonekano wa madirisha yanayoangaza kama kioo: kama kadi ya picha ni dhaifu, chagua mandhari ya Windows 7 Basic. Hakuna haja ya kugusa UxSms, huduma inayouendesha.

Kasi ya kweli inatoka wapi

Ukishafanya yote haya, linganisha namba za tukio 100. Sekunde kadhaa zitakuwa zimepungua, na pengine kumi au zaidi kwenye diski kongwe. Diski ya SSD ya gigabaiti 120, hata iliyotumika, hubadilisha mashine hiyohiyo kwa kiwango ambacho huduma zote zikizimwa haziwezi kufikia, kwa kuwa husoma sehemu zilizotawanyika mara maelfu kwa sekunde. Kipande cha pili cha RAM ya gigabaiti 2 kinafuata. Toleo la biti 32 haliwezi kutumia zaidi ya gigabaiti 4, na kwa kawaida linaonyesha pungufu ya hizo, kwa hiyo usinunue 8 kabla ya kuangalia.

Na kuzima huduma hakuchukui nafasi ya viraka. Chrome ya mwisho kwa Windows 7 ni toleo la 109, na Firefox ya mwisho ni 115 ESR. Mashine inayoingiza manenosiri ya watu kwenye eCitizen au benki inastahili mfumo unaohudumiwa. Linux Mint yenye Xfce hufanya kazi hiyo kwenye vifaa vya kiasi hiki. Windows 7 ibaki na kazi inayoilazimu, kama programu ya uhasibu au printa kongwe, na ikiwezekana ikae nje ya intaneti.

Mashine ikigoma kuwaka

Bonyeza F8 mfululizo kabla nembo ya Windows haijatokea. Kama tatizo limeonekana kabla hujaingia kwenye akaunti, chagua Last Known Good Configuration. Hurudisha mipangilio ya huduma ya mara ya mwisho mtu alipoingia salama. Ukiwa umeshaingia hata mara moja baada ya mabadiliko, nakala hiyo imeshaandikwa upya na haitakusaidia. Jaribu Safe Mode, ubofye mara mbili faili ya huduma-kabla.reg, uwashe upya.

Safe Mode nayo ikikataa, tumia diski ya kuweka mfumo, chagua Repair your computer, kisha Command Prompt, uandike regedit. Bofya HKEY_LOCAL_MACHINE, halafu kwenye menyu ya File chagua Load Hive, na ufungue faili iitwayo SYSTEM ndani ya Windows\System32\config ya diski yako. Angalia herufi ya diski kwanza, maana ukiwa humo C: ya kawaida mara nyingi inakuwa D:. Ipe jina lolote, tuseme kongwe. Humo hutaona CurrentControlSet, kwa sababu hutengenezwa mfumo ukishawaka. Ingia kongwe\Select usome thamani ya Current. Ikiwa 1, fanya kazi ndani ya ControlSet001\Services. Tafuta huduma uliyoizima, fungua Start, rudisha 2 au 3 kama ilivyokuwa kwenye faili uliyohifadhi kwenye flashi. Kisha rudi kwenye kongwe, uchague Unload Hive kabla ya kufunga regedit, na uwashe mashine upya bila diski.